Kuishi Nyumba Moja na Watu Wenye Desturi Tofauti za Usafi: Mwongozo kwa Wapangaji wa Nyanda za Juu Kusini

Katika nyumba ya vyumba sita niliyopanga upande wa Iyunga, jijini Mbeya, ugomvi mkubwa kuliko yote niliyoushuhudia kwa miaka minne haukuhusu kodi wala umeme wa LUKU, bali masufuria. Mama wa chumba cha mbele aliyasugua yake kwa majivu ndani na nje mpaka yakang'aa, na aliamini kwamba mtu anayeacha masizi nje ya sufuria hawezi kuwa msafi mahali pengine popote. Kijana wa chumba cha tatu, mwanafunzi wa chuo, aliosha ndani tu, kwa hoja kwamba jioni sufuria lile lile litarudi juu ya mkaa. Lakini kijana huyo hakupata usingizi kama kuna chombo kimebaki kwenye beseni, ilhali mama yule aliacha vyombo vya usiku mpaka asubuhi, kwa sababu maji ya bomba la uani usiku wa mwezi wa Juni huuma vidole. Kila mmoja alimwita mwenzake mchafu, na kila mmoja alikuwa na ushahidi.

Nilichojifunza pale, na baadaye katika nyumba nyingine mbili, ni kwamba mara chache sana mtu msafi hugombana na mtu mchafu. Wanaogombana ni watu wawili wanaoona uchafu tofauti, au wanaouona uchafu ule ule kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo zamu peke yake haiwezi kuleta amani, kwa maana zamu hueleza nani afagie bila kueleza kazi inakuwa imekwisha lini. Mwongozo huu unaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: tazama kwa wiki moja bila kusema neno

Kabla hujamwendea mtu yeyote, chukua daftari na uandike kwa siku 7 mambo matatu tu: ni sehemu gani ya pamoja iliyochafuka, ilikaa hivyo kwa muda gani, na nani aliisafisha. Usiandike nani aliichafua, kwa sababu hilo mara nyingi hulijui, unalidhania.

Wiki hiyo itakuonyesha jambo ambalo mwenye kulalamika huwa halioni. Mwenye jicho la haraka hushika fagio wakati vumbi la korido ni jembamba bado. Akishafagia, jirani yake anayehitaji vumbi la siku tatu ndipo alione hupita juu ya sakafu safi siku zote, na kwa uaminifu kabisa atakuambia kwamba korido hii haichafuki. Wa kwanza anachoka na kunung'unika, wa pili anashangaa kununiwa. Mimi ndiye niliyekuwa wa pili katika nyumba ya Iyunga, na nakiri kwamba nilikaa miezi mitano nikidhani upepo wa mlima Loleza ndio unaotufagilia baraza.

Hatua ya pili: tenganisha afya, ubovu wa nyumba na mapendeleo

Chukua orodha yako uigawe mafungu matatu. Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa kuliko zote, na wengi huiruka.

Fungu la kwanza ni yale yanayoweza kumlaza mtu kitandani. Choo kinatangulia, kwa kuwa kipindupindu, homa ya matumbo na magonjwa mengi ya kuhara husafiri kutoka kinyesi hadi kinywani kupitia mikono, inzi na maji. Kitasa cha mlango wa choo, mahali pa kunawia mikono, ndoo ya maji ya kunywa na kata yake, na mabaki ya chakula yanayovuta panya, vyote vimo humu. Kwa sisi wa nyanda za juu, naliongeza humu jiko la mkaa linaloingizwa korido au chumbani usiku wa baridi. Watu hulijadili kama suala la moshi na masizi ukutani, kana kwamba ni usafi tu, lakini mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Hapo hakuna cha desturi yangu na desturi yako: jiko linabaki nje, na anayesikia baridi anaongeza blanketi.

Fungu la pili ni ubovu wa nyumba, ambao wapangaji hulaumiana kwa ajili yake wakati anayepaswa kuulizwa ni mwenye nyumba. Choo ambacho shimo lake limejaa hakitakuwa safi hata mkikisugua mara tatu kwa siku. Kinahitaji gari la kunyonya maji taka. Bomba linalovuja uani hutengeneza tope kila saa, na ukuta unaoloa kwa sababu bati limetoboka utaota ukungu tu, hasa kwa wanaoishi Tukuyu na vijiji vya Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Andikeni ubovu wote katika karatasi moja na mmpelekee mwenye nyumba kwa pamoja, kwa sababu mpangaji mmoja akienda peke yake huonekana mkorofi, lakini vyumba sita vikienda pamoja husikilizwa.

Fungu la tatu ni mapendeleo: masizi ya nje ya sufuria, viatu kupangwa kwa jozi mlangoni, nguo za ndani kuanikwa kamba ya mbele au ya nyuma, kudeki kila siku au mara mbili kwa wiki. Mambo haya yana uzito kwa anayeyathamini, na mara nyingi ameyapokea kwa mama yake pamoja na maziwa. Hata hivyo hayamdhuru jirani. Ukiomba jambo la fungu la tatu, omba kama ombi. Ukilileta kwa sauti ya fungu la kwanza, utapoteza haki ya kusikilizwa siku utakapozungumzia choo.

Hatua ya tatu: kikao kimoja kifupi

Jumapili alasiri, watu wakiwa wamerudi ibadani na kupumzika kidogo, ndio wakati uliotufaa zaidi. Chai na viazi vya kuchemsha vinatosha. Anayeitisha awapitie watu mlango kwa mlango. Ujumbe wa kundi la simu usomwao saa nne usiku hufika ukiwa tayari umekasirika.

Aliye mkubwa kwa umri afunguliwe mlango wa maneno kwa heshima yake. Kama mwenye jambo unalotaka kulizungumzia ni mama wa makamo, humwanzi kwa kusema korido ni chafu. Unamwamkia, unauliza habari za wanawe, halafu unasema: "Mama, nina ombi dogo juu ya maji ya kufulia, yakimwagwa pale karibu na bomba mtoto wangu ameanguka mara mbili. Unaonaje tukiyamwaga kwenye mfereji wa nyuma?" Maneno haya yanataja mahali, yanataja kilichotokea, na yanamwachia nafasi ya kutoa wazo lake. Kwa rika lako unaweza kuwa mwepesi zaidi: "Kaka, nina neno kuhusu zile chupa za uani." Epuka maneno "siku zote" na "nyinyi watu wa", hili la pili ni baya zaidi, kwa kuwa nyumba moja ya Mbeya inaweza kuwa na Mnyakyusa, Msafwa, Mkinga, Mhehe na mgeni kutoka Mwanza, na kila kabila lina sifa linayojipa na sifa linayopewa na majirani zake kuhusu usafi. Kikao kikifika huko, funga daftari mkanywe chai.

Lengo la kikao hiki ni moja, nalo ni kukubaliana sehemu za pamoja ni zipi. Msigawane kazi siku hiyo.

Hatua ya nne: andikeni neno "safi" lina maana gani

Hapa ndipo nyumba yetu ilipogeuka. Tulisimama wote chooni, bafuni, koridoni na uani, tukaulizana kila mahali pakiwa safi panaonekanaje, na jibu likaandikwa kwa vitu vinavyoonekana kwa macho. Karatasi yetu, iliyobandikwa nyuma ya mlango wa korido, ilisomeka hivi:

"Choo: sakafu imesuguliwa kwa sabuni mpaka pembeni, tundu halina alama, kitasa kimefutwa, ndoo ya maji imejaa, dekio la choo limetundikwa nje. Bafu: nywele zimetolewa kwenye tundu la maji, hakuna sabuni iliyobaki sakafuni. Korido: imefagiwa na kudekiwa, hakuna kiatu kilichobaki njiani. Uani: pamefagiwa hadi kwenye geti, chombo cha taka kimefunikwa, majivu yako kwenye debe la bati. Vyombo: kila mtu na vyake, vinaweza kulala kwenye beseni ndani ya chumba cha mwenyewe, lakini havilali uani."

Sharti la vyombo lilikuwa mapatano kati ya mama wa chumba cha mbele na kijana wa chumba cha tatu: mama hakulazimika kuosha usiku kwenye baridi, na kijana hakuona tena sahani za watu zikitembelewa na panya. Masizi ya sufuria hayakuandikwa popote. Mama alinung'unika kidogo, kisha akaendelea kuyang'arisha ya kwake.

Suala la majivu lilitokana na hasara. Mmoja wetu alimwaga majivu ya jioni kwenye ndoo ya plastiki ya taka, na makaa yaliyokuwa hai ndani yake yakaitoboa ndoo usiku huo huo. Majivu yakae kwenye debe la bati mpaka kesho yake, yapoe kabisa, ndipo yatupwe. Na mkipenda, yatunzeni kwa kusugulia masufuria.

Hatua ya tano: kugawa zamu na gharama

Swali litakaloleta kelele ni kama zamu ihesabiwe kwa vyumba au kwa vichwa. Bachela anayeondoka alfajiri na kurudi usiku ataona si haki afagie uani sawa na familia ya watu watano wanaoshinda nyumbani, na ile familia itajibu kwamba yeye naye ana mguu unaoleta tope. Baada ya kujaribu njia zote mbili, nashauri kuchanganya: uani na korido zihesabiwe kwa vyumba, kwa sababu vumbi na majani havina mwenyewe, choo, bafu na bili ya maji vihesabiwe kwa vichwa, kwa sababu hivyo huchakaa kwa kutumiwa. Mtoto ambaye hajaanza kwenda chooni mwenyewe asihesabiwe, lakini mzazi wake amwage na kusafisha kila anachokiacha papo hapo, siku yoyote, bila kusubiri zamu.

Pimeni kazi kwa dakika kabla ya kuigawa. Kwetu kufagia uani kulichukua kama dakika 15, korido na kudeki dakika 20, choo na bafu dakika 30. Bila kipimo hiki, aliyepewa korido kila siku na aliyepewa choo mara mbili kwa wiki wote wataamini wameonewa.

Angalieni pia siku. Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wengi hufua na kufanya usafi mkubwa, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi imetengwa kitaifa kwa ajili ya usafi, desturi iliyopata nguvu baada ya sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 kugeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima. Lakini jirani Msabato hatashika fagio kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama, na kumwandikia zamu ya Jumamosi ni kumwandikia kosa mapema. Mpeni Jumapili au Ijumaa asubuhi. Kadhalika anayefanya kazi za usiku, dereva wa magari ya kwenda Tunduma, na mwanafunzi aliye kwenye mitihani wapewe nafasi ya kubadilishana, kwa sharti kwamba anayebadilisha ndiye anayetafuta wa kumshikia zamu na kumtaarifu kila mtu.

Kuhusu fedha, sisi tulichangia shilingi 2,000 kwa kila chumba kwa mwezi, kwa sabuni ya unga, jiki, fagio la uani na dekio. Mtunza fedha alibadilika kila baada ya miezi mitatu, na risiti zilichomekwa kwenye msumari ule ule wa karatasi ya zamu.

Hatua ya sita: namna ya kufanya kazi yenyewe

Msichukulie kwamba kila mtu anajua. Kijana aliyekulia nyumba yenye dada wa kazi anaweza kufika chuoni hajawahi kusugua choo, na atakayemcheka hatamfundisha.

Kwenye choo, anza kwa kumwaga maji ya kutosha ili mkojo uondoke. Sugua kwa sabuni na maji, suuza, ndipo umwage maji yenye jiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, uyaache kwa dakika 10 hivi kabla ya kusuuza. Mpangilio huu una sababu: klorini iliyomo ndani ya jiki humalizwa nguvu na uchafu, kwa hiyo ukiimwaga juu ya sakafu yenye matope inaunguza pua yako na kuviacha vijidudu. Maji ya jiki yaliyochanganywa leo yasitunzwe kwa kesho, kwa kuwa nguvu yake hupungua.

Kamwe usichanganye jiki na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kuanguka. Jiki ikikutana na mkojo uliotuama nayo hutoa gesi mbaya. Ndiyo maana maji yanatangulia. Fungua mlango, vaa glovu kama zipo, na mtoto asikae karibu.

Dekio la choo lisivuke kizingiti cha korido hata siku moja. Tulipaka rangi nyekundu mpini wa la choo na ndoo yake, na ubishi wa kwamba dekio lipi ni lipi ukaisha siku hiyo.

Msimu hubadilisha kila kitu

Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Kwa miezi hiyo tandikeni gunia mlangoni, viatu vya nje viishie barazani, na kudeki kufanywe jioni watu wakiwa wameingia, kwa sababu sakafu iliyodekiwa asubuhi ya mvua huharibika kabla ya saa nne. Kuanzia Juni mpaka Oktoba vumbi huchukua nafasi ya tope. Hapo nyunyizeni maji kidogo uani kabla ya kufagia, la sivyo vumbi litahamia kwenye nguo zilizoanikwa na ugomvi utahamia huko pia. Wenzetu wa Iringa, wenye ule udongo mwekundu unaong'ang'ania shuka jeupe, wanalijua hili kuliko sisi.

Mwezi wa Juni na Julai, sogezeni zamu za maji kutoka alfajiri hadi mchana jua likiwa limepasha ndoo. Nimeona mtu akiitwa mvivu wakati alichokwepa ni maji ya barafu tu.

Zamu ikirukwa

Tulijaribu faini ya shilingi 1,000. Jirani mmoja mwenye biashara nzuri sokoni Mwanjelwa alilipa wiki nne mfululizo, akalala kwa raha, na tukagundua kwamba tulikuwa tumemuuzia ruhusa. Tukaibadili kuwa deni: aliyeruka zamu anafanya yake na ya aliyemshikia, na deni linaandikwa kwenye karatasi mpaka lifutwe. Anayependa kulipa fedha alipe mtu wa kumfanyia kazi siku ya zamu yake. Hilo halina ubaya, mradi choo kifikie hali iliyoandikwa.

Kumbusha mara moja, ana kwa ana, siku hiyo hiyo. Usifanye kazi yake kimyakimya kisha ukapiga milango. Usiurundike uchafu wake mlangoni kwake pia. Niliwahi kuona hilo likifanyika, na waliokuwa majirani wakaishia mbele ya balozi wa nyumba kumi wakidaiana heshima badala ya ufagio. Kama jambo ni la fungu la kwanza na mtu anakataa katakata, mlipeleke kwa mwenye nyumba, na likishindikana kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa afya wa kata. Kwa mambo ya fungu la tatu, msimsumbue kiongozi yeyote.

Ndani ya familia moja

Karatasi ya mlangoni haifai kati ya mume na mke, wala haifai hata kidogo kwa mama mkwe aliyekuja kutoka Rungwe kukaa mwezi mmoja. Kwa wenzi, hatua ya kwanza na ya pili zinatosha mara nyingi, halafu kila mmoja achague mambo mawili tu ya fungu la tatu ambayo hawezi kuvumilia. Mwenzake ayatimize bila kuuliza sababu. Mke mmoja ninayemfahamu alichagua taulo lenye maji kitandani na vikombe vya chai chini ya kochi. Mumewe alichagua nywele bafuni na kuamshwa na ufagio saa kumi na moja asubuhi siku ya Jumapili.

Mama mkwe akipanga upya jiko lako, mwache apange. Lenye kuhusu afya alisemee mwanawe mwenyewe, faraghani, na akianza na shikamoo.

Mpangaji mpya akija

Mwonyesheni karatasi kabla hajalipa kodi, si baada ya kosa la kwanza. Mtembezeni chooni, mwonyesheni msumari wa dekio jekundu, debe la majivu na mfereji wa maji ya kufulia, kisha mpeni wiki mbili bila zamu ili ahamishe vitu vyake. Muulizeni pia kwao walifanyaje. Mpangaji wa mwisho kuja kabla sijahama, dada mmoja kutoka Njombe, alitazama mlango wa choo akauliza kwa nini hatuna kibuyu chirizi, yaani dumu lililotobolewa na kufungwa kamba ya kukanyagwa kwa mguu ili mtu anawe bila kushika chochote. Alitengeneza moja jioni ile ile kwa dumu la lita tano, vijiti vitatu na kamba ya katani, na mstari mpya ukaongezwa kwenye karatasi: "Dumu la kunawia: limejaa, sabuni ipo."